Uvumi wa Mto Vologne Ulianzia Ofisini

Jumanne ya tarehe 16 Oktoba 1984, majira ya saa kumi na moja jioni, Grégory Villemin, mtoto wa miaka minne, alikuwa akicheza kwenye rundo la changarawe mbele ya nyumba yao katika kijiji cha Lépanges-sur-Vologne, mashariki mwa Ufaransa. Mama yake, Christine, alikuwa ndani akipiga pasi. Alipotoka kumwita, hakumkuta. Saa tatu na ushei usiku mwili wa mtoto ulitolewa katika mto Vologne, kilomita kama saba kutoka nyumbani, upande maji yanakoelekea. Mikono na miguu ilikuwa imefungwa kamba, kofia ya sufu imeshushwa mpaka usoni. Hapakuonekana alama za kupigwa.

Zaidi ya miaka 40 imepita na hakuna mahakama iliyomtia mtu hatiani kwa kifo hicho. Hukumu za mitaani, hizo zipo tele. Kuna wanaoapa kwamba ni binamu ya baba. Kuna wanaoapa ni mama mzazi. Wengine wanamtaja mjomba wa baba pamoja na mkewe, wengine wanasema ukoo mzima ulikaa kikao. Vitabu, vipindi vya televisheni, filamu: kila baada ya miaka michache hutoka kimoja, na kila kimoja kinakuja na muuaji wake. Wafaransa wengi huisimulia kesi hii kama kisa cha umbea ulioishinda sheria. Waandishi wa habari walivamia kijiji, wananchi wakanogewa, haki ikapotea kwenye makelele.

Masimulizi hayo yana ukweli wake, ila yanawapendelea mno watumishi wa serikali. Fuatilia tarehe moja baada ya nyingine, utaona kwamba watuhumiwa wakubwa wa mtaani wote walitoka kwanza kwenye jalada. Kila jina lilipita kwa hakimu, kwa askari au kwa mtaalamu aliyelipwa na serikali kabla halijafika kijiweni. Mtaa ulilidaka, ukalipamba, ukakataa kulirudisha. Lakini wa kwanza kulitamka alikuwa na mhuri mezani.

Kabla ya mauaji palikuwa na sauti. Tangu mwaka 1981 mtu asiyejulikana alikuwa akiwapigia simu kina Villemin, sauti yake ya kukwaruza, akiwatukana, akiwatisha, akiwachonganisha ndugu kwa ndugu. Baadaye zikafuata barua. Wafaransa humwita mtu wa namna hiyo kunguru. Kunguru huyu alijua siri za ndani: nani kagombana na nani, nani anapendelewa na wazazi, nani kapata nini. Aliyemkera kuliko wote alikuwa Jean-Marie, baba yake Grégory, kijana aliyepanda haraka kiwandani mpaka kuwa msimamizi na kujijengea nyumba yake. Siku ya mauaji, saa kumi na moja na nusu jioni, simu ililia kwa ndugu yake Jean-Marie: kisasi kimelipwa, mtoto katupwa Vologne. Kesho yake Jean-Marie alipokea barua iliyotiwa posta siku ileile ya mauaji. Ilisema hivi: "Natumaini utakufa kwa majonzi, bosi. Pesa zako hazitakurudishia mwanao. Hiki ndicho kisasi changu."

Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa kilikuwa kimejitangaza chenyewe. Ni nadra mpelelezi kupewa mwanzo mzuri kiasi hiki. Muuaji, au mshirika wake, ana mwandiko. Ana sauti, na baadhi ya simu zake zilikuwa zimerekodiwa kwenye kanda. Anaijua familia ndani nje. Saa chache kabla ya usiku alipita kwenye posta ya kijiji ambacho kila mtu anamfahamu mwenzake. Duara la watu wa kuchunguzwa lilikuwa dogo. Kilichohitajika kilikuwa utulivu, karatasi zilizopangwa vizuri, na midomo iliyofungwa.

Kwa msomaji wa Tanzania au Kenya, aliyezoea kuona polisi wakipeleleza na ofisi ya mwendesha mashtaka ikiamua, inafaa kukumbusha kwamba Ufaransa kesi nzito hukabidhiwa hakimu mpelelezi. Yeye ndiye anayewaelekeza askari, anayeteua wataalamu, anayewahoji mashahidi na kumweka mtu mahabusu. Jalada la Grégory liliangukia mikononi mwa Jean-Michel Lambert wa mji wa Épinal, kijana wa miaka 32, ambaye magazeti yalimbandika jina la "hakimu mdogo". Alipenda kuzungumza na waandishi, nao walimpenda kwa sababu hiyohiyo. Miaka ya baadaye aliandika riwaya za kipelelezi, jambo ambalo sijui nicheke au ninyamaze.

Kasoro zilianza na uchunguzi wa maiti. Mtoto alipasuliwa kesho yake, lakini viungo vya ndani havikuhifadhiwa inavyopaswa, wala maji ya mapafuni hayakulinganishwa na maji ya mto. Matokeo yake, swali la msingi kabisa halikupata jibu: je, alikufia mtoni au alizamishwa kwingine, kwenye beseni au bafu la mtu, kisha akatupwa? Ilipokuja dhana kwamba huenda alidungwa kwanza sindano ya insulini, ndiyo maana hakupambana, hapakuwa na sampuli ya kuithibitisha wala ya kuizika. Angalia sasa dhana ngapi za mtaani zimeegemea shimo hilo moja. Anayesema aliuawa nyumbani kwao anaingia hapo. Anayesema aliuawa na mtu mwenye gari anaingia hapohapo. Kazi ya nusu siku ya daktari, ikiagizwa ipasavyo, ingekuwa imewanyamazisha wengi wao kabla hawajaanza.

Lakini hilo ni dogo mbele ya kisa cha binti.

Askari wa gendarmerie, jeshi linalofanya kazi ya polisi vijijini, walianza kumtilia shaka Bernard Laroche, binamu ya Jean-Marie. Ijumaa ya tarehe 2 Novemba shemeji yake Laroche, mdogo wa mkewe, msichana wa miaka 15, aliwaeleza askari kwamba siku ya tukio Laroche alimchukua kwa gari alipotoka shule, wakaenda Lépanges, akashuka na kurudi na mtoto wa kiume, na kwamba baadaye alishuka tena na mtoto yule, akarudi peke yake. Maneno ya aina hii hutikisa kesi nzima. Hakimu hakumsikiliza mpaka Jumatatu, tarehe 5. Msichana akayarudia mbele yake. Laroche akakamatwa siku hiyo na kufunguliwa mashtaka.

Sasa fikiria wewe ndiye hakimu. Una shahidi mmoja mkubwa. Ni mtoto kwa mujibu wa sheria. Anaishi katika ukoo wa mtu aliyemtaja. Nje ya mlango wako kuna kundi la waandishi wanaojua kwamba kuna jambo limetokea. Utamlaza wapi shahidi huyo usiku wa leo?

Lambert aliwatangazia waandishi kwamba ana shahidi, na msichana akarudi nyumbani kwao. Hakupelekwa kwa ustawi wa jamii, hakuwekwa mbali na familia hata kwa siku mbili, wala hakukutanishwa ana kwa ana na Laroche wakati maneno yake yakiwa bado ya moto. Kesho yake, mbele ya maikrofoni na kamera, alikanusha yote. Askari walimshinikiza, alisema. Shemeji yake hana hatia. Msimamo huo hajauacha tangu wakati ule. Kilichopita ndani ya nyumba usiku ule kinabishaniwa mpaka leo, na wanaobishana hawakuwapo.

Sitasema kwamba aliyoyasema kwanza ndiyo kweli, wala kwamba kanusho ndilo kweli. Wasichana wa miaka 15 wamewahi kukubali mambo mazito yasiyokuwapo wakiwa mbele ya askari, na wamewahi pia kumeza ukweli wakiwa mbele ya shangazi na mjomba. Yote mawili yanajulikana kwa yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha ukoo. Ndiyo maana palitakiwa utaratibu wa kumtenga shahidi na pande zote mbili mpaka maneno yake yapimwe. Siku ile ilipopita bila utaratibu huo, ukweli wa msichana yule ulitoka mikononi mwa wapelelezi ukawa mali ya kila mwenye mdomo. Nusu ya Ufaransa ikachukua kauli ya kwanza, nusu nyingine ikachukua ya pili.

Baada ya hapo jengo liliporomoka kwa kasi. Wataalamu wa mwandiko waliokuwa wamemnyooshea kidole Laroche walikuwa wameteuliwa bila kufuata taratibu za sheria, hivyo mapema mwaka 1985 mahakama ikazifuta ripoti zao. Tarehe 4 Februari Laroche akaachiwa huru. Gendarmerie wakaondolewa kwenye kesi, wakaingizwa polisi wa upelelezi kutoka Nancy. Taasisi mbili hizi zilikuwa na uhasama wa siku nyingi, na wageni hawakuja kuendeleza kazi ya watangulizi wao. Walikuja kuanza upya, na macho yao yakaelekea kwa mama. Wataalamu wapya wa mwandiko wakaona herufi za Christine pale wenzao walipoona za Laroche. Hiyo peke yake ingetosha kumfanya mtu aitilie shaka elimu nzima ya mwandiko, lakini kilichotokea ni kwamba habari ilivuja, magazeti yakaichapa, na umma ukageuza shingo.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Novemba 1984 mtaa ulimhukumu Laroche kwa sababu hakimu alimshtaki. Machi 1985 mtaa ukamhukumu mama kwa sababu polisi walihamisha macho. Hakuna siku umma ulitangulia mbele ya ofisi. Ulikuwa nyuma yake hatua moja, ukipokea kila kilichovuja na kukigeuza kuwa hukumu.

Jean-Marie naye alikuwa akisoma magazeti hayohayo. Yeye alikuwa ameamini jalada la kwanza, lile la gendarmerie, na hakuna aliyemweleza kwa utulivu kwa nini limetupwa. Laroche alipoachiwa, Jean-Marie alitamka mbele ya waandishi kwamba atamuua. Halikuwa neno la siri. Tarehe 29 Machi 1985, siku chache baada ya habari ya wataalamu wapya kuvuja, na Christine akiwa amelazwa hospitali kwa hofu ya kupoteza mimba, alichukua bunduki ya kuwindia, akaenda Aumontzey alikokaa Laroche, akamsubiri atoke kazini, akampiga risasi. Lisemwalo lipo, kama halipo laja: kwenye bonde la Vologne lilikuja kweli, likamkuta mtu ambaye hakuwa amehukumiwa kwa lolote.

Kifo hicho kilikuwa na mashahidi kibao waliokijua kabla hakijatokea. Waandishi walilisikia tishio. Polisi walilisikia. Serikali ilikuwa na baba aliyefiwa, mwenye silaha, aliyeapa hadharani, na mtuhumiwa aliyeachiwa arudi kijijini kwake, umbali mfupi kwa gari. Mtu anaposema "umma ulimuua Laroche", mimi huuliza ulinzi wake uliondolewa na nani, na lini.

Tarehe 5 Julai 1985 ikawa zamu ya Christine. Alishtakiwa kwa kumuua mwanawe na kupelekwa gerezani akiwa na ujauzito wa miezi kama sita. Akagoma kula. Tarehe 16 Julai akaachiwa. Ushahidi uliokuwapo dhidi yake, mbali na mwandiko, ulikuwa wa aina mbili. Wafanyakazi wenzake wa kiwanda cha ushonaji walisema walimwona posta siku ya tukio. Yeye akasema ndiyo, alikwenda posta, lakini ilikuwa siku moja kabla. Mtu anayetoka kazini kila siku saa ileile, anapita njia ileile, na wenzake wale wale: nani kati yetu angeweza kuapa ilikuwa Jumatatu au Jumanne? Aina ya pili ilikuwa vipande vya kamba vilivyofanana na ile iliyomfunga mtoto, vilivyopatikana kwenye ghala la chini la nyumba yao mwezi Aprili 1985. Kamba za kawaida, miezi sita baada ya mauaji, ndani ya nyumba iliyokuwa imeshapitiwa na kuachwa tupu. Wakili mchanga kabisa angevihoji vitu hivi mpaka visibaki na kitu.

Lakini mtaani havikuhojiwa, kwa sababu mtaani palikuwa na ushahidi mtamu zaidi: sura yake. Alilia kidogo mno, au alilia kupita kiasi. Alivaa vizuri mno kwa mtu aliyefiwa. Alikuwa mzuri, alikuwa kimya, mumewe alimpenda. Sisi wa pwani na bara tunaufahamu mzani huu, mwanamke aliyefiwa hupimwa machozi kuanzia siku ya kwanza ya matanga, na hakuna kipimo anachoweza kukifaulu. Ufaransa yenye vyuo vikuu na maktaba zake iliutumia vilevile.

Waliokuwa wakisoma vitabu hawakuwa bora kuliko wanywaji wa baa. Tarehe 17 Julai 1985, siku moja baada ya Christine kutoka gerezani, gazeti la Libération lilichapisha makala ya Marguerite Duras, mwandishi aliyekuwa ameshinda Goncourt, tuzo kubwa ya fasihi ya Ufaransa, mwaka uliotangulia. Duras alikuwa amekwenda Vosges, mkoa kilipo kijiji cha kina Villemin. Christine alikataa kuonana naye. Hilo halikumzuia. Aliiona nyumba, na kutokana na nyumba akajenga moyoni mwake mama anayeua, kisha akampa mama huyo udhuru wa hali ya juu: maisha ya mwanamke aliyefungiwa ndani ya ndoa na uzazi asioutaka. Ilikuwa lugha nzuri sana. Ilikuwa pia fitina, tena mbaya kuliko ya kijiweni, kwa sababu mmbea wa kijiweni anajua anasengenya, naye Duras alidhani anatetea wanawake. Mwanamke halisi, mwenye jina, mwenye mimba, aliyefiwa na mtoto na ambaye mumewe yuko mahabusu, alitumiwa kama karatasi ya kuandikia.

Na kwa nini Duras aliamini? Kwa sababu hakimu alikuwa amemweka mama ndani siku kumi na mbili nyuma. Hata mwenye kipaji kikubwa kuliko wote alikuwa anapiga chapa nakala ya jalada.

Sitaki kuwasafisha waandishi wa habari. Wengine walikula na kulala kwenye nyumba za wahusika, kila kundi na upande wake, wakageuka kuwa washauri wa familia. Mwandishi mmoja na mkewe walikuwa wakiandikia vyombo kadhaa kwa wakati mmoja, hivyo msomaji aliyenunua magazeti matatu alidhani amepata mashahidi watatu. Huo ni uovu wa kitaaluma na hauna jina lingine. Hata hivyo, mwandishi huuza alichouziwa. Ofisi ingekuwa imefungwa, soko lile lisingekuwa na bidhaa.

Ilichukua mpaka tarehe 3 Februari 1993 kwa mahakama ya rufani ya Dijon kumfutia Christine mashtaka, ikisema hapakuwa na ushahidi wowote dhidi yake. Maneno ya mahakama yalikuwa mazito: hayakusema ushahidi hautoshi, yalisema haupo kabisa. Miaka minane kasoro kidogo ilikuwa imepita. Desemba mwaka huohuo Jean-Marie alihukumiwa kifungo cha miaka mitano kwa kumuua Laroche, mmoja kati yake ukiwa kifungo cha nje. Mwaka 2004 serikali ya Ufaransa iliamriwa kuwalipa mke na mume hao euro 35,000 kila mmoja kwa makosa ya vyombo vyake vya sheria.

Ndani ya uamuzi uleule wa 1993 kuna kifungu ambacho hunikera. Mahakama iliandika kwamba yalikuwapo mashaka mazito sana dhidi ya Laroche juu ya kumteka mtoto, ijapokuwa haikuwezekana kusema ndiye aliyeua. Laroche alikuwa na miaka minane kaburini. Hakuweza kujibu, hakuweza kukata rufaa, na kesi dhidi ya marehemu haifunguliwi. Huenda mahakama iliona sawa; sibishani na majaji kuhusu yaliyomo kwenye jalada walilolisoma wao. Ila wanapomshutumu marehemu katika karatasi yenye nembo ya Jamhuri, halafu wakawakemea wananchi kwa kufanya hivyohivyo kwenye baa, nashindwa kuiona tofauti isipokuwa nembo. Mjane na watoto wake walibaki na mzigo usio na mahali pa kuutua.

Ufaransa haiko peke yake. Miaka kumi na miwili baadaye, tarehe 26 Desemba 1996, huko Boulder, Colorado, polisi waliitwa kwenye nyumba ya JonBenét Ramsey, msichana wa miaka sita, ambako palikutwa barua ndefu ya kudai dola 118,000. Marafiki wa familia waliruhusiwa kuingia na kuzurura ndani. Mchana mpelelezi akamwomba baba aikague nyumba yake mwenyewe, naye akamkuta mwanawe ghorofa ya chini akiwa amekufa, akambeba mpaka juu. Mwaka 1999 mwendesha mashtaka alitangaza kwamba hakuna atakayeshtakiwa. Ilifichika mpaka 2013 kwamba jopo la wananchi lilikuwa limepiga kura ya kuwashtaki wazazi. Katikati, mwaka 2008, ofisi hiyohiyo chini ya mkuu mwingine iliiandikia familia barua ya kuisafisha kwa sababu ya DNA. Serikali inapotoa majibu mawili yanayopingana na kulificha la kwanza, televisheni ya 2016 iliyomtupia lawama kaka wa marehemu, aliyekuwa na miaka tisa wakati wa mauaji, haikuhitaji kubuni sana. Kaka huyo alidai dola milioni 750 mahakamani, na wakamalizana nje ya mahakama.

Kwa hiyo wananchi wanyamaze? Hapana, na hawatanyamaza hata wakiambiwa. Mtoto akiuawa kijijini kila mzazi analala na mlango umefungwa, na ana haki ya kujua kazi inafanywaje. Nadhani tatizo ni swali tunalolichagua. "Nani aliua?" ni swali ambalo mtu wa nje hana nyenzo ya kulijibu, kwa hiyo analijibu kwa sura, kwa mavazi, kwa chuki zake za zamani. Maswali anayoweza kuyajibu ni mengine, na hayana utamu wa riwaya. Shahidi alilala wapi? Nani alisaini barua ya kumteua mtaalamu? Sampuli ya maji iko kabati gani? Nani alimpigia simu mwandishi usiku wa Jumapili? Haya yana nyaraka, yana tarehe, yana wahusika wanaolipwa mshahara wa umma, na jibu likiwa baya kuna mtu wa kuwajibishwa. Laiti magazeti ya 1984 yangetumia robo ya kurasa zake kwa maswali hayo, Lambert angeondolewa kwenye jalada kabla ya Krismasi.

Aliyelichukua jalada mwaka 1987, hakimu Maurice Simon, alijaribu kufanya kazi ya namna hiyo. Alirudi kwenye kila tarehe, akaigiza upya mwendo wa magari na saa zake, mpaka moyo ukamsaliti mwaka 1990. Lakini baadhi ya vitu havirudi kwa bidii. Ilipokuja sayansi ya DNA, vipimo vya mwaka 2000 kwenye stempu ya barua ya zamani ya kunguru havikutoa kitu cha kutumika, na vya miaka iliyofuata, kwenye kamba na barua zilizopita mikono mingi, havikumpata mtu wa kumlinganisha naye.

Juni 2017 Ufaransa ikashtuka tena. Programu ya kompyuta inayopanga mahusiano na nyakati za jalada iliwapeleka askari kwa mjomba wa Jean-Marie na mkewe, wazee wa zaidi ya miaka 70, wakakamatwa na kushtakiwa. Kamera zikarudi Vosges kana kwamba hazikuondoka. Mwaka uliofuata mashtaka yao yakafutwa kwa kasoro ya utaratibu: jaji aliyeyafungua hakuwa na mamlaka ya kuamua jambo lile peke yake. Baada ya miaka 33, na jalada lenye maelfu ya kurasa juu ya madhara ya kupuuza taratibu, kosa lilikuwa la aina ileile. Wazee walirudi nyumbani wakiwa hawajathibitishwa kitu wala hawajasafishwa, na kijiweni tayari walikuwa wameshahukumiwa.

Lambert hakusubiri kuuona mwisho huo. Tarehe 11 Julai 2017 alikutwa amekufa nyumbani kwake Le Mans. Alijiua, akaacha barua akisema hatakubali kuwa mbuzi wa kafara, na akishikilia kwamba Laroche hakuwa na hatia. Siku hiyohiyo yalitangazwa maandishi binafsi ya Simon yaliyomshutumu vikali kwa alivyoiendesha kesi. Nani aliyavujisha, na kutoka kabati gani, ni swali lingine la aina ile ninayoipendelea.

Na yule msichana wa miaka 15 sasa ni mama wa makamo. Alipigania kwa miaka mingi kufutwa kwa mahojiano yake ya 1984, akidai kwamba mtoto hakupaswa kuwekwa chini ya ulinzi wa askari bila wakili, bila kuelezwa kwamba anaweza kukaa kimya. Mwaka 2018 Baraza la Katiba lilikubaliana naye kuhusu sheria ile ya zamani, na Januari 2020 mahakama ya rufani ya Paris ikayafuta maelezo aliyoyatoa akiwa chini ya ulinzi. Haikuyafuta aliyoyarudia mbele ya hakimu tarehe 5 Novemba. Hivyo jalada sasa lina kauli ya Jumatatu inayothibitisha kauli ya Ijumaa, na kauli ya Ijumaa kisheria haipo. Mawakili wa kila upande wanaishika nusu inayowafaa.